Kwa Nini Dodoma Haikumsikia Mkwaju

Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati, wenye ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika aliyezungumzwa sana alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, ambaye hatimaye aliambukizwa virusi vya UKIMWI. Mkewe, Tunu, alichoka kumtegemea, akaanzisha biashara yake ndogo. Sehemu kubwa ya nchi ilifuatilia visa vyao. Dodoma haikusikia kitu: saa ya mchezo ilipofika, mtambo wa huko ulirusha vipindi vingine.

Mitambo haikuwa na hitilafu. Watafiti, akiwamo Mmarekani Everett Rogers, bingwa wa taaluma ya mawasiliano, walitaka kujua kama mchezo wa redio unaweza kweli kubadili maisha ya watu. Njia yao ilikuwa kulinganisha: waliousikia upande mmoja, wasiousikia upande wa pili, na wote waulizwe maswali yaleyale mwaka hadi mwaka.

Hebu tuhesabu kazi zilizokuwa nyuma ya mchezo huo mmoja. Palikuwa na waandishi wa hadithi, waigizaji, mwongozaji na fundi wa sauti. Palikuwa na watu wa kuhakikisha kuwa maelezo ya uzazi wa mpango ni sahihi, wengine wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi, wengine wa kuchambua majibu. Lakini kijana anayewaambia wazazi kuwa amechaguliwa kusomea mawasiliano, swali la kwanza huwa, "Kwa hiyo utatangaza redio gani?"

Vyuo vyenyewe vimeshavuka swali hilo. Chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Leo wanafunzi wake wa shahada wanaweza kuchagua uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, au uhusiano wa umma na matangazo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, Daystar na Chuo Kikuu cha Nairobi nchini Kenya, na Makerere nchini Uganda navyo hufundisha fani hizi.

Kinachofundishwa hasa ni nini? Chukua tangazo la chanjo. Rasimu ya kwanza ya ofisini mara nyingi husomeka hivi: "Wananchi wanahimizwa kujitokeza kwa wingi katika zoezi la chanjo." Aliyefundwa vizuri huuliza kwanza: nani atalisikia, akiwa wapi, na baada ya kulisikia afanye nini? Kisha anaandika upya: "Mama mwenye mtoto aliyetimiza miezi 9, mlete zahanati Jumatano asubuhi apate chanjo ya surua. Hulipi chochote." Sentensi ya kwanza imetimiza wajibu wa ofisi. Ya pili imempa mama siku, mahali, na jibu la wasiwasi wake wa pesa.

Ujuzi huo wa kumfikiria msikilizaji ndio unaomwezesha mhitimu kuhama kutoka chumba cha habari kwenda benki, hospitali, halmashauri, kampuni ya simu au shirika la misaada bila kuanza upya. Mahali pengine hugusa uhai wenyewe.

Ebola ilipozuka mashariki mwa Kongo mwezi Agosti 2018, dawa na madaktari havikutosha. Katika maeneo ya Beni na Butembo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, zilienea tetesi kwamba ndani ya mifuko ya maiti hamna maiti, au kwamba viungo vimeibwa. Familia zilikataa mazishi salama, na maiti ya Ebola huambukiza. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita mitaani wakiandika waliyoyasikia: maswali, shutuma, uvumi. Kutokana na maoni hayo ikaletwa mifuko inayopitisha mwanga, ili ndugu wamwone mpendwa wao kabla ya kumzika. Hakuna hotuba ambayo ingefanya kazi hiyo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200.

Kwa upande wa uongozi, mfano wa karibu ni Benjamin Mkapa. Shahada yake ya Makerere ilikuwa ya Kiingereza, wala si ya mawasiliano, lakini ngazi alizopanda zilikuwa za fani hii: mhariri wa magazeti, mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, kisha mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la habari Shihata mwaka 1976. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais.

Njia yake inaonyesha pia kwamba cheti peke yake hakimfikishi mtu mbali. Mwajiri hutaka kuona kazi: makala iliyochapishwa, kipindi kilichorekodiwa, kampeni iliyoendeshwa hata ikiwa ni ya kikundi cha akina mama mtaani. Mwanafunzi anayeongeza ujuzi wa pili, kama takwimu, afya, sheria au kilimo, hupata mengi ya kueleza. Na asiyejua kusoma jedwali la matokeo ya utafiti atabaki kusimulia aliyosimuliwa.

Watafiti wa Twende na Wakati walilijua hilo. Mwaka 1995 mchezo ulifunguliwa Dodoma, na Mkwaju akasikika huko kwa mara ya kwanza. Dodoso zilirudi milangoni. Majibu yalionyesha Dodoma ikianza kubadilika kama maeneo mengine yalivyobadilika kabla yake, na watu wengi zaidi wakitumia uzazi wa mpango.