Gunia Lina Namba: Ni Nani Aliyeifunga?

Twaeni kopo la maziwa ya unga lililonunuliwa dukani. Ubavuni mwake mtaona milia myeusi na namba chini yake. Pengine mtaona na kimraba kilichojaa vidoa. Milia hiyo ilisomwa kwa mashine ya duka mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, katika jimbo la Ohio, Marekani, juu ya pakiti ya chingamu. Kimraba kilibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya motokaa, wala si kwa chakula. Siku hizi mwenye simu aweza kukielekea na kuonyeshwa shamba na siku ya mavuno, ikiwa aliyeandika habari hizo aliandika kweli.

Hiyo "ikiwa" ndiyo tutakayoisema leo, na mfano wake tunao Masisi na Walikale, katika magunia ya madini.

Madini ya bati ya Bisie, wilayani Walikale, na koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, yalitiliwa shaka ng'ambo kwa sababu watu wenye silaha walitoza ushuru mashimoni. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze madini yao yatoka wapi. Septemba mwaka ule ule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, akaufungua tena Machi 2011. Baadaye ukaenea mpango uitwao ITSCI. Gunia litokapo mgodini hupimwa, na mtumishi wa serikali hulifunga kwa utepe wa plastiki wenye namba na milia. Uzito, tarehe na mahali huandikwa daftarini. Kwa mchuuzi hupimwa tena na kufungwa utepe wa pili. Hivyo mwenye tanuru ya mbali aweza kufuata namba mpaka kilima lilikotoka.

Mpango ni mzuri. Lakini utepe haujui kitu. Ukifungwa juu ya gunia la shimo jingine, utasema uongo kwa sauti ile ile uliyosemea kweli. Mwaka 2022 shirika la Global Witness liliandika kwamba tepe zilikuwa zikifungwa kwa madini ya migodi isiyoruhusiwa. Wenye mpango walikana. Mwishoni mwa Aprili 2024 wapiganaji wa M23 waliitwaa Rubaya, na kazi ya tepe ikasimamishwa Masisi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba tani zipatazo 120 za koltani zilivushwa kila mwezi hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Serikali ya Rwanda imekana. Nasi twauliza tu: mchanga uliokwisha kuchanganywa, ni mashine gani itakayoutenga?

Na hasara humwangukia nani? Si mwenye tanuru. Gunia lisilo na utepe huuzwa kwa siri na kwa bei duni, na mchimbaji hurudi nyumbani na pesa kidogo, ingawa hakumdanganya mtu.

Haya yatawafikia na wakulima wetu. Jibini ya Masisi huuzwa Goma bila milia yoyote. Mnunuzi humwuliza mwuzaji, basi. Lakini kahawa na kakao ni habari nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili, yataka ijulikane ni kipande kipi cha ardhi kilichozaa mazao hayo. Vijana wetu wa shule ndio watakaoajiriwa kushika kalamu na simu penye mizani. Noti moja itawekwa chini ya daftari, ili gunia la jirani lisilojulikana liingizwe katika shamba la mwingine. Anayeikubali avunja amri ya nane, ajapokuwa hakufungua kinywa.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa vyama vya ushirika: siku ya kupima, mkulima asomewe uzito wake kwa sauti, atie sahihi au kidole gumba, na apewe nakala ya karatasi aende nayo nyumbani.