Mama aliyebakwa asizungushwe

Juma hili tuongee juu ya njia anayopitishwa mama aliyebakwa. Katika vijiji vyetu anafika kwanza kwa muuguzi wa kituo cha afya. Munganga yuko mbali, kwenye hospitali kuu ya zoni. Barabara ikiharibika, mgonjwa anabebwa kwa kipoyi na masaa yanapita. Masaa hayo yana hesabu yake: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze kabla ya masaa 72 kuisha, na ya kuzuia mimba kabla ya siku 5.

Akishatibiwa, anatumwa kwa mshauri, kisha kwa avoka, na kila mahali anaanza hadithi upya. Wengine wanachoka, wanarudi shambani kimya.

Kule Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999, ilichagua njia nyingine. Mama anatibiwa, anapata mtu wa kumtuliza moyo, anapata avoka, tena anasaidiwa kujifunza kazi ya kumlisha. Wote hao wanafanya kazi pamoja. Mukwege alipewa Nobel mwaka 2018. Sisi hapa Pinga tungefurahia zaidi kupata mpango kama ule.

Wengi hawajui kwamba munganga ana kazi mbele ya sheria pia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inataka mwendesha mashtaka au jaji amwite munganga na mtaalamu wa saikolojia, wapime hali ya mama, matunzo anayohitaji na ukubwa wa madhara. Munganga akitibu kidonda tu, kisha akaandika mistari miwili ya haraka, avoka anaingia barazani mikono mitupu.

Wako wanaoogopa kuandika, na hatuwacheki. Aliyetenda anaweza kuwa na bunduki. Agosti 2013, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walisimamisha kazi yao hapa Pinga kwa sababu ya vitisho. Ndiyo maana karatasi ile isiwe siri ya munganga mmoja na mgonjwa wake: ihifadhiwe hospitalini kwa kufuli, na mshauri na avoka wajulikane naye tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wetu, mama mmoja amsindikize mwenzake usiku ule ule. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe. Matibabu hayangoji mashtaka. Na kabla ya mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kimuulize muuguzi wake: dawa za masaa 72 zipo leo? Kama hazipo, aseme zinapatikana wapi.