Anayepiga Peke Yake Hahesabu

Rafiki yangu mmoja amepiga besi katika bendi za dansi za Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Wimbo mpya akiusikia mara moja, mara ya pili tayari yumo ndani. Jioni moja alikuja kwangu na gitaa lake, nami nikamwekea John Lee Hooker, zile nyimbo za taratibu za siku zake za mwanzo mjini Detroit: mtu mmoja, gitaa moja la umeme, na mguu unaokanyaga ubao. Akajaribu kumfuata. Mstari wa kwanza walikwenda sawa. Wa pili rafiki yangu akahama, Hooker hakuhama. Safari iliyofuata akaamua kumngoja, na safari hiyo Hooker akatangulia. Alipojaribu mara ya nne alililaza gitaa mapajani, akasema, "Kaka, huyu mzee hahesabu."

Wapenzi wa bluzi hubishana tangu zamani kuhusu ipi ni ya jadi na ipi ni ya kisasa. Hata tuzo za Grammy zina kitengo cha bluzi ya jadi na kingine cha bluzi ya kisasa. Mara nyingi kinachoulizwa ni kama kuna umeme: gitaa kavu huhesabiwa jadi, gitaa la umeme likahesabiwa usasa. Mimi naona umeme hautuambii mengi. Hooker alikuwa na umeme, na bado alipiga kama watu waliomtangulia kwa miaka thelathini. Mpaka halisi ni ule alioukwaa rafiki yangu. Iko bluzi inayohesabu na iko isiyohesabu, na mara nyingi linaloamua ni kama mpigaji yuko peke yake au ana wenzake nyuma.

Nieleze kinachohesabiwa. Kwa msomaji aliyekua na ushairi wa Kiswahili, umbo hili si geni sana. Shairi letu la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane. Ubeti wa bluzi una mistari mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, pengine kwa kubadili neno moja, na wa tatu unajibu na kufunga kwa kina kilekile. Kila mstari hupewa vipimo vinne, na kila kipimo mapigo manne, kwa hiyo ubeti mzima ni vipimo 12. Mwimbaji havitumii vyote. Huimba karibu nusu ya nafasi yake, kisha hunyamaza, na nusu iliyobaki huliachia gitaa limjibu. Chini ya sauti zipo kodi tatu, yaani mafungu matatu ya nota zinazolia pamoja. Mstari wa kwanza unakaa kwenye kodi ya msingi, ambayo ndiyo nyumbani. Wa pili unaanzia kodi ya nne, kisha unarudi nyumbani. Wa tatu unaanzia ya tano na kuteremka. Juu ya hayo yote, nota ya tatu na ya saba huimbwa zikiwa zimeshushwa kidogo, zikaangukia mahali ambapo piano haina kitufe.

Hilo ndilo umbo la vitabuni. Watu walioilea bluzi hawakuwa na kitabu. Katika Delta ya Mississippi, tambarare ya pamba iliyo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, weusi wengi walilima ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na mara nyingi hesabu za mwisho wa mwaka ziliwaacha wakidaiwa. Jumamosi usiku, kwenye nyumba za ngoma na pombe, mtu mmoja na gitaa lake ndiye aliyekuwa bendi nzima. Charley Patton wa shamba la Dockery alipiga hivyo, na Son House vilevile. Maneno yakizidi, mpigaji aliongeza mapigo mawili. Jibu la gitaa likimkolea, alilirudia mpaka aridhike. Akiishiwa pumzi, aliukata mstari njiani. Msimulizi wa hadithi akivuta neno barazani, nani atamwambia amechelewa?

Katika kundi hilo, ninayempenda kuliko wote ni Skip James. Mwaka 1931 alisafiri kutoka Mississippi hadi Grafton, Wisconsin, kurekodi kwa kampuni ya Paramount. Santuri zile hazikununuliwa sana, maana uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, naye akauacha muziki huo kwa miongo mitatu. Nyuzi zake alizikaza kwa namna ambayo hata zikiguswa tupu, bila kubanwa kidole, hutoa kodi ya huzuni. Sauti yake ni nyembamba na ya juu, karibu na ya kike. Sikiliza "Devil Got My Woman". Gitaa halimsindikizi, bali linamtangulia hatua moja, linasimama, na yeye anaingia kama mtu anayesita mlangoni. Hakuna mpiga dramu ambaye angeweza kukaa ndani ya wimbo huo bila kuuvunja.

Robert Johnson mara nyingi huwekwa kwenye kilele cha jadi. Rekodi zake ni nyimbo 29 tu, zilizofanywa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, naye akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Lakini zamani zake Johnson alikuwa kijana wa kisasa. Alijifunza kutoka kwenye santuri za watu wa mijini, kina Leroy Carr na Lonnie Johnson. Ile besi inayotembea bila kuchoka, ambayo wapiga piano waliipiga kwa mkono wa kushoto, yeye aliihamishia kwenye nyuzi za chini za gitaa. Ukimhesabia vipimo utamkuta bado anaongeza na kupunguza, ila ndani ya mkono wake tayari kuna bendi inayosubiri kuzaliwa.

Bendi hiyo ilizaliwa Chicago, na mkunga wake mkuu ni Muddy Waters. Mwaka 1941 Alan Lomax alimrekodi kwenye shamba la Stovall, karibu na Clarksdale, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikuwa dereva wa trekta, mwenye gitaa kavu na kipande cha shingo ya chupa kidoleni. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago. Huko vilabu vilikuwa na kelele, watu wakiongea na kugonganisha glasi, na gitaa kavu halikufua dafu. Umeme alioununua katikati ya miaka ya 1940 ulikuwa wa kumfanya asikike, basi. Mwaka 1948 alirekodi "I Can't Be Satisfied" akiwa na besi ya Big Crawford peke yake, na wimbo ule ni Delta tupu iliyochomekwa kwenye soketi.

Mageuzi yenyewe yalikuja watu walipoongezeka. Jimmy Rogers alishika gitaa la pili, Otis Spann piano, dramu zikaingia, na Little Walter akaja na harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomoni, akiifumbata pamoja na maiki ndani ya viganja mpaka ikalia kama saksafoni. Watu watano hawawezi kungoja pumzi ya mtu mmoja. Wapiga dramu kama Fred Below walitoka kwenye jazi, walikozoea hesabu kamili. Mwaka 1954 Willie Dixon akampa Muddy wimbo "Hoochie Coochie Man", wenye vipimo 16 badala ya 12. Katika nusu ya kwanza bendi nzima inapiga pigo fupi kwa pamoja na kunyamaza, Muddy anasema neno lake katika ukimya, bendi inapiga tena na kunyamaza. Ukikosea kuhesabu hapo, aibu yako inasikika ukumbi mzima.

Uhuru wa zamani ulikwenda wapi? Ulihamia kooni. Msikilize Muddy akiwa na bendi hiyo. Vyombo vinakwenda kama saa, lakini yeye huja nyuma kidogo ya pigo, mahali ambapo wewe tayari umeshamngojea. Delta aliichukua kutoka kwenye vipimo akaificha ndani ya silabi. Kwangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko umeme wote wa Chicago.

Wasikilizaji, kwa upande wao, walitaka mambo ya wazi zaidi. Desemba 1938 John Hammond aliandaa onyesho katika ukumbi wa Carnegie, New York. Alimtaka Robert Johnson, akaambiwa ameshafariki. Nafasi akapewa Big Bill Broonzy, naye akatambulishwa kwa watu kama mkulima kutoka Arkansas, ingawa alikuwa mkazi wa Chicago wa miaka mingi na santuri zake nyingi zilikuwa na piano na besi. Broonzy huyohuyo alikuja kuizoesha Ulaya bluzi ya gitaa kavu. Kwa hiyo Muddy alipofika Uingereza mwaka 1958 na gitaa la umeme, wengi walishtuka. Aliyashika hayo, na aliporudi mwaka 1963 akaja na gitaa kavu. Katika miaka hiyo mitano vijana wa kule nao walikuwa wameshaingia kwenye umeme, wakasikitika kumwona bila gitaa lake la umeme. Jadi na usasa walivipanga wanunuzi wa tiketi, na mwanamuziki akahangaika katikati.

B.B. King alichukua njia nyingine. Alijaribu kutelezesha chuma juu ya nyuzi kama Bukka White, binamu ya mama yake, mkono ukakataa. Badala yake akaanza kuutetemesha mkono wa kushoto juu ya nota moja mpaka ikalia kama mtu. Anapoimba hapigi, na anapopiga haimbi. Yale mazungumzo ya kale kati ya mstari na jibu lake aliyaweka wazi kabisa mbele ya bendi kubwa inayohesabu kwa nidhamu. "Live at the Regal", iliyorekodiwa Chicago Novemba 1964, ndiyo ninayompa mtu anayeanza kusikiliza bluzi. Miaka kumi baadaye alikuwa Kinshasa kwenye tamasha la Zaire 74, lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman.

Bluzi inayohesabu husafiri kwa urahisi. Mwanamuziki wa bluzi Taj Mahal alikutana na Culture Musical Club ya Zanzibar, na albamu yao ya mwaka 2005 ikaitwa "Mkutano". Fidla, ganuni na kodiani zilimpokea vizuri, na mimi sishangai, kwa sababu kikundi cha taarab ni watu wengi wanaopumua pamoja, na yeye alikuja na bluzi yenye vipimo vilivyotimia. Ile isiyohesabu nayo ina ndugu, ila wako kwingine. Ali Farka Touré wa Niafunké, Mali, alipomsikia Hooker alisikia muziki wa kwao, na mtu akiziweka rekodi zao sambamba, kodi moja ikizungushwa bila haraka ya kwenda popote, hatabisha.

Bluzi isiyohesabu haikufa hata Marekani kwenyewe. Kwenye vilima vya kaskazini mwa Mississippi, Junior Kimbrough alipiga gitaa la umeme, tena na besi na dramu, na kodi yake ilibaki palepale usiku kucha. Albamu yake "All Night Long" ilitoka mwaka 1992. Hapo hata kanuni yangu inatikisika, maana wenzake wapo na bado hawahesabu. Walikaa naye ukumbini mwake muda mrefu kiasi cha kumjua kama mke anavyojua hatua za mumewe nyumbani. Kijana wa Clarksdale, Christone "Kingfish" Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999 na kushinda Grammy ya bluzi ya kisasa kwa albamu "662", yuko upande wa hesabu, kwa vidole vyepesi mno. Ninampenda zaidi anapoachwa peke yake na gitaa kavu.

Mwaka 1964 vijana wapenzi wa santuri za zamani walimkuta Son House akiishi Rochester, New York. Hakuwa amepiga gitaa kwa miaka mingi na nyimbo zake nyingi zilikuwa zimempotea. Alan Wilson, kijana mzungu wa miaka ishirini hivi ambaye baadaye alianzisha kundi la Canned Heat, alikuwa amezisoma santuri za mzee huyo nota kwa nota. Akaketi naye, akamfundisha upya nyimbo zake mwenyewe. Mwaka uliofuata House alirekodi kwa kampuni ya Columbia, na katika "Levee Camp Moan" Wilson anamsindikiza kwa harmonika. Sauti ya mzee inapanda, inakatika, inakaa kimya kwa muda ambao hauna kipimo, kisha inarudi bila ishara. Rafiki yangu mpiga besi nilimwekea huo pia, siku nyingine. Aliusikiliza mpaka mwisho, gitaa likiwa bado ndani ya mfuko wake, akaniomba niurudie, na mara hiyo alimsikiliza Wilson tu.