Fedha ya muziki wa gari imo kwenye waya

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au ukizunguka Kariakoo, Dar es Salaam, makasha ya amplifaya utayasoma ukiwa bado barabarani. Namba za wati zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji: 2000, 3000, 5000. Namba hizo ndizo zinazomfanya mteja atoe pesa. Sasa litazame gari lake. Gari dogo la kawaida lina alteneta ya kati ya ampea 70 na 100, na injini ikiwaka umeme wake huwa volti 14 hivi. Zidisha ampea 100 kwa volti 14 upate wati 1400, na hizo ni za gari zima: taa, feni, wipa, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini zote zinakula humo humo. Wati 5000 za kwenye kasha hazina pa kutoka.

Hapa ndipo biashara ya muziki wa magari katika miji yetu ilipojikwaa. Inauza namba, ilhali sauti nzuri inatokana na umeme wa kutosha, waya mnene na mkono wa fundi anayejua. Mteja akishamaliza bajeti kwenye kasha, anabana kwenye waya na ufundi. Matokeo yake ni amplifaya inayozimika katikati ya wimbo, betri inayokufa kabla ya wakati na, ikiwa bahati ni mbaya, moto.

Soko lenyewe limetokana na jambo ambalo hakuna mfanyabiashara aliyelipanga. Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, nchi ambayo masafa yake ya FM kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, kabla ya kusogezwa hadi 95. Vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Basi mwenye Vitz, IST au Noah anatoka bandarini na redio inayoshika vituo vichache tu, tena yenye maandishi ya Kijapani asiyoweza kuyasoma. Anaweza kununua kile kifaa kidogo cha kupanua masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, au aing'oe redio na kuweka nyingine. Redio mpya ikishaingia, safari haiishii hapo. Zitafuata spika za milangoni, kisha sabwufa, kisha amplifaya ya kuisukuma. Kila muuzaji mzoefu anajua kwamba redio ndiyo mlango wa duka.

Nairobi ina mteja mwingine, mzito kuliko huyo: mwenye matatu. Sheria za Waziri John Michuki za mwaka 2004, zilizoleta mstari wa njano, mikanda na vidhibiti mwendo, ziliyapunguzia magari hayo madoido. Baada ya mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea michoro ya vijana kwenye matatu, nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro na muziki, zilirudi kwa kishindo. Kwa tajiri wa nganya, muziki ni mtaji. Kijana wa Rongai, Umoja au Embakasi yuko tayari kuliacha gari lenye viti vitupu lipite, asubiri lenye skrini na besi inayotikisa kifua. Gari linalojaa upesi stendi hupiga safari nyingi zaidi kwa siku, na tofauti hiyo ndiyo inayolipia spika.

Lakini tazama kazi inavyofanyika. Matatu nyingi za viti 33 ni Isuzu NQR, zinazounganishwa Nairobi na kujengewa bodi na mafundi wa humo humo nchini. Umeme wake ni volti 24, kutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Amplifaya nyingi zinazouzwa madukani zinataka volti 12. Fundi mwenye haraka huchukua waya wake kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili, muziki ukalia siku hiyo hiyo, na tajiri akaondoka ameridhika. Alteneta, kwa upande wake, haijui kwamba betri moja inanyonywa kuliko mwenzake; inazichaji zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Inayonyonywa haijai kamwe, na ile nyingine inapokea chaji kupita kiasi. Zote mbili hufa mapema, tajiri akamlaumu muuza betri.

Dawa ipo: kipunguza volti chenye ampea za kutosha, kutoka 24 kwenda 12, au kifaa cha kusawazisha chaji ya betri mbili. Kina gharama yake, na wenye magari hulalamika wakitajiwa bei. Waweke upande wa pili wa hesabu betri mbili kubwa za lori pamoja na siku ambazo gari litalala gereji. Gari la abiria lililolala haliingizi hata senti, na dereva na makanga wake nao hawali.

Kwenye magari madogo, tatizo kubwa ni unene wa waya. Tuseme mteja ana amplifaya ya sabwufa inayotoa wati 1000 za kweli, zile zinazopimwa kwa RMS, na ni ya daraja D, ambayo hupoteza umeme kidogo kuliko daraja AB. Ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80, itavuta kama ampea 90 kila besi inapopiga kwa nguvu zote. Betri iko mbele, amplifaya iko kwenye buti, na kati yao kuna mita 5 za waya. Ukitumia waya wa geji 4 wa shaba tupu, utapoteza takriban volti 0.4 njiani. Ukitumia geji 8, ambao ndio fundi hupenda kuufunga kwa sababu ni rahisi na unapita vizuri chini ya zulia, hasara inakaribia volti 1. Halafu kuna ule waya unaong'aa kama shaba kwa nje lakini ndani ni alumini. Upitishaji wake wa umeme ni kama theluthi mbili tu ya shaba, kwa hiyo katika unene huo huo wa geji 8 unapoteza karibu volti 1.5. Zidisha hiyo kwa ampea 90: wati 130 na zaidi zinageuka joto chini ya zulia la gari lako. Kweli, muziki hauvuti umeme wa juu kabisa kila sekunde, lakini besi ndefu inatosha kuyeyusha ganda la waya mwembamba ambao hauna fyuzi.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, na kila sentimita unayoipunguza ni faida. Wengi wanadhani fyuzi inailinda amplifaya. Kazi yake hasa ni kuulinda waya usije ukawa kiberiti pale utakapokatwa na bati la bodi. Waya wa hasi nao uwe mnene sawasawa na wa chanya, uwe mfupi, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Nyaya za RCA zinazobeba sauti kutoka kwenye redio zipite upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme. Zikilala pamoja, spika zitapiga mluzi unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta. Mteja anayesikia mluzi huo hurudi dukani kudai redio ni mbovu, duka likabadilisha redio nzima kwa hasara yake, na mluzi ukabaki palepale.

Jambo jingine linalogharimu ni omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Sabwufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba, amplifaya inaona omu 2. Zikifungwa kwa mfululizo inaona omu 8. Amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa kuwa chaneli moja aghalabu haitaki kushuka chini ya omu 4. Fundi anayeziweka sambamba bila kusoma maandishi madogo anaiunguza. Wala geini si volyumu. Ni ya kulinganisha nguvu ya ishara ya redio na amplifaya, na inapimika kwa mita: wati 500 kwenye omu 4 ni volti 45 hivi. Ukiizungusha hadi mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa na spika ndogo za juu zinaungua kwanza. Vifaa vingi vinavyorudishwa vikiitwa feki vimeuawa na geini.

Sisemi kwamba feki hazipo. Pioneer, Kenwood na JBL zote zina waigaji, na Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, kama vile Tanzania inavyoitegemea Tume ya Ushindani. Ila kuna uongo ulio halali kabisa: wati za kilele zinazochapishwa kwenye kasha halisi la kampuni halisi. Kipimo cha haki kipo tangu mwaka 2003, kiwango cha Marekani cha CEA-2006, sasa CTA-2006, kinachotaka amplifaya ipimwe kwa volti 14.4 na omu 4 bila kuvuka asilimia 1 ya mkwaruzo wa sauti. Kifaa kilichopimwa hivyo husema hivyo kwenye maelezo yake. Na mteja ajue hili pia: ukipandisha wati kutoka 500 hadi 1000, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Boksi la sabwufa lililopigwa kwa vipimo sahihi na seremala makini linaweza kukupa zaidi ya hapo kwa fedha ndogo.

Fedha hukaa wapi? Mwagizaji anayeleta mzigo kutoka Dubai au Guangzhou analipa ushuru na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, na faida yake imebanwa, kwa kuwa bei ya kifaa kila mtu anaiona kwenye simu. Kazi ya mikono hailinganishwi kirahisi hivyo, na ndiyo ingekuwa ngome ya duka. Badala yake maduka huitupa: nunua sabwufa, ufungaji bure. Fundi anayesimama mlangoni mara nyingi si mwajiriwa. Analipwa kwa gari, kwa hiyo anaharakisha ili apate gari jingine. Neno “bure” hapo linalipwa na waya mwembamba.

Mabadiliko yanakuja hata hivyo. Magari mapya yana skrini iliyounganishwa na kiyoyozi na kamera ya nyuma, na redio haing'oki. Kazi inahamia kwenye amplifaya na vichakata sauti vinavyochukua ishara ya redio ya kiwandani, na fundi asiyesoma mchoro wa umeme ataachwa. VETA nchini Tanzania na NITA nchini Kenya zinawapima mafundi umeme wa magari; ufungaji wa muziki unastahili mtihani wake ndani ya fani hiyo, hasa kwa vijana walioujifunzia gereji bila cheti. Madereva wa matatu nao wakumbuke kwamba kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 zinawahusu.

Kwako msomaji unayepanga kuweka muziki, ombi langu ni dogo. Kabla hujalipa, taka risiti iandikwe wati za RMS, aina na unene wa waya, ukubwa wa fyuzi, na malipo ya ufundi katika mstari wake wenyewe. Duka likikataa kuandika hayo, nenda la pili.