Je, Wajua? Ini la Papa Kwenye Krimu ya Uso

Je, wajua kwamba krimu ya kulainisha uso inaweza kuwa na mafuta ya ini la papa? Kiambato hicho, skwaleni, kiligunduliwa na mkemia Mjapani Mitsumaru Tsujimoto mwaka 1906. Hata ngozi yetu hukitengeneza, ndiyo maana kikipakwa hakinati. Viwandani huongezewa haidrojeni ili kisiharibike upesi, na kwenye lebo huandikwa squalane.

Wanaowindwa zaidi kwa ajili ya mafuta hayo ni papa wa kina kirefu, ambao hukua polepole na kuzaa watoto wachache. Watu wa pwani wameyajua mafuta haya tangu zamani: ndiyo yanayoitwa sifa, ya kupaka majahazi, na aliyewahi kuinusa hawezi kuamini kwamba kitu hicho hicho, kikishasafishwa, huuzwa kwenye vichupa vya bei mbaya.

Papa si lazima afe. Squalane ile ile hupatikana pia kutokana na zeituni na miwa. Shida ni kwamba jina kwenye lebo halibadiliki, kwa hiyo tafuta maandishi yanayosema imetokana na mimea. Yasipokuwepo, muulize mtengenezaji.

Na nembo ya sungura anayeruka iliyo kwenye baadhi ya vipodozi? Hiyo huthibitisha kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama; Umoja wa Ulaya uliweka marufuku kamili ya mauzo ya vipodozi vilivyojaribiwa hivyo Machi 2013. Lakini nembo hiyo haisemi lolote kuhusu kilichomo. Krimu yenye nta ya nyuki inaweza kumbeba sungura huyo kihalali kabisa.