Mkojo "Mchafu" Si Uchafu wa Mama

Mama mmoja wa usharika wetu alitufuata baada ya kipindi cha akina mama, akasubiri hadi wenzake wote walipoondoka. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwa wiki nzima alikuwa akienda chooni mara kwa mara, akipata matone tu, na matone yenyewe yakimchoma kama pilipili. Alikuwa amekwisha kupima mahali fulani, akaambiwa, "Mkojo wako mchafu." Alipolifikisha neno hilo nyumbani, mumewe alimwuliza huo uchafu ameutoa wapi. Basi akanyamaza. Akameza vidonge vinne alivyopewa na jirani, maumivu yakapungua, akaona amepona.

Tulipomgusa alikuwa anawaka homa, na mgongo ulimwuma upande mmoja, chini ya mbavu. Hatukumruhusu kurudi nyumbani. Alilazwa jioni ile ile, maana ugonjwa ulikuwa umepanda kutoka kibofu hadi kwenye figo. Figo zikiugua wakati wa ujauzito, mama yumo hatarini na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake.

Hilo neno "mkojo mchafu" ni letu sisi watumishi wa afya, na tunakiri kwamba limeumiza wengi. Maana yake ni kwamba katika mkojo zimeonekana dalili za usaha au vijidudu. Si kwamba mama haogi, wala si kwamba ametoka nje ya ndoa. Mara nyingi vijidudu hivyo ni vya aina iitwayo E. koli, ambavyo huishi katika utumbo wa kila mtu bila kumdhuru. Shida huanza vinapoingia njia ya mkojo. Kwa mwanamke mrija wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, nao uko karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mwanamume ni kama sentimita 20. Ndiyo sababu mabinti, wajane na hata watawa huugua. Tendo la ndoa huweza kusukuma vijidudu hivyo ndani ingawa wote wawili ni waaminifu, na bibi arusi wengi wameliona jambo hili majuma ya kwanza. (Akina baba mnaolisoma gazeti hili kwa kuvizia, msiruke aya hii.)

Lakini si kila kinachochoma ni kibofu. Ukitokwa na uchafu ukeni wenye harufu mbaya, au ukiwashwa sana, huenda tatizo ni jingine, na baadhi ya magonjwa hayo hutaka mume na mke watibiwe pamoja. Usukumani, ambako watu huchota maji malamboni na kulima majaruba ya mpunga, damu katika mkojo yaweza kuwa kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli. Na homa tupu, bila dalili yoyote ya mkojo, isipewe haraka jina la ugonjwa wa mkojo. Omba kwanza upimwe malaria.

Kuhusu kupima, tuseme ukweli: vipimo vingi huharibikia mikononi mwetu na mwenu. Tumeletewa mkojo katika chupa ya mafuta ya nywele! Omba kikopo safi cha maabara. Nawa kwa maji, mkojo wa mwanzo uache uende, kisha kinga ule wa katikati. Upeleke maabara mara moja, kwani ukikaa juani saa mbili vijidudu huzaliana humo na majibu hudanganya. Kwa mjamzito, au kwa mama anayeugua tena na tena, uliza kama mkojo unaweza kuoteshwa ili ijulikane ni dawa gani inayoviua vijidudu vyake. Mjamzito hutibiwa hata kama hasikii maumivu, ikiwa vijidudu vimeota. Mama asiye mjamzito na asiye na dalili yoyote, kwa kawaida hahitaji dawa.

Dawa ziko, na nyingi ni za siku chache tu, tatu hadi saba. Tatizo ni nusu dozi na kugawiana. Vidonge vingine vya zamani tulivyovizoea vimekwisha kuzoewa na vijidudu pia. Usinunue dawa kwa kukumbuka ya mwaka jana, na mweleze mtabibu kama una mimba, maana si kila dawa inafaa. Ukiona homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya kiunoni, usingoje kesho.

Kinga kubwa ni maji. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti uliohusu wanawake 140 waliokuwa wakiugua kibofu mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua karibu nusu tu ya wenzao. Tunajua wengi hamnywi maji siku ya safari kwa kuogopa basi halitasimama, na wauza sokoni hubana mkojo kutwa kwa sababu choo hakina mlango. Hata hivyo, nenda kila unapobanwa, na nenda baada ya tendo la ndoa. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Usioshe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote. Bibi ambaye hedhi imekoma na anaugua kila mara amwone daktari, kwani ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inayosaidia. Apimwe sukari pia.

Yule mama alikaa wodini siku tano. Siku ya pili mumewe alileta uji, nasi tukamketisha, tukamchorea kibofu na mrija wake kwenye kipande cha karatasi. Alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu, kama na yeye anywe dawa. Tukamjibu hapana, akamshike mkewe mkono.