Mbwa mwoga huandaliwaje kwa maonyesho?

Nchini Uingereza, ambako maonyesho ya mbwa ya Crufts yalianza mwaka 1891, mbwa huruhusiwa kushindana akiwa na umri wa miezi 6 tu. Jaji hamtazami kwa mbali: humshika kichwa, humfunua midomo aone meno, humpapasa mgongo na mapaja, na akiwa dume humkagua hata korodani. Kwa mbwa mwenye hofu, mkono huo wa mgeni ndio mtihani wenyewe.

Tunachosisitiza ni kwamba zoezi liishe kabla hofu haijaanza. Siku za kwanza mgeni apite tu, adondoshe kipande cha nyama. Baadaye aguse bega kwa sekunde moja, aondoke. Meno yasubiri sana. Mbwa akijilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi au akigeuza uso, ameshasema. Rudi hatua moja nyuma. Kumshikilia kwa nguvu eti azoee humfundisha kwamba ulingoni hakuna pa kukimbilia.

Na ikiwa siku ya mashindano mkia umefyatwa chini ya tumbo? Mtoe ulingoni, hata kama ada ya kushiriki imeshalipwa na haitarudi.